Hita ipo kwenye boksi: uifunge mwenyewe, umwite fundi wa mtaa au usubiri fundi wa duka?

Hita yetu ya kuogea ilikufa asubuhi ya mwezi wa saba, nikiwa na povu kichwa kizima. Mwezi wa saba wa Mwanza si baridi ya Makete, lakini maji yaliyolala kwenye simtanki juu ya stendi, huku upepo wa ziwani ukipiga usiku kucha, yanakutoa yowe. Jioni yake boksi jipya lilikuwa mezani na nyumba imegawanyika. Mume wangu alisema, "Nipe bisibisi na nusu saa." Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Sengerema, akasema, "Mwanangu, muiteni yule kijana aliyewawekea majirani taa, mnajitafutia nini?" Mimi nilikuwa nimeshika kadi ya waranti, nasoma maandishi madogo ya chini: kifaa kifungwe na fundi anayetambulika.

Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Tangu siku hiyo tumebadilisha jiko la gesi, friji, pangaboi mbili na hita nyingine tena, na njia zote tatu tumezipitia. Zote zimewahi kutuokolea hela, zote zimewahi kutula hela. Kwa hiyo ukinikuta nasifia moja mahali fulani, usiondoke nayo mbio. Soma na hali ya nyumba yako.

Mambo ya kupima kabla hujafungua boksi

Watu huanza na swali la "naweza?" Mimi siku hizi naanza na jingine: nikikosea, kosa litajionyesha lini? Bomba lililokazwa vibaya linadondosha maji dakika hiyo hiyo, mtoto wa miaka mitano atakwambia. Mashine ya kufulia iliyokaa upande itatembea sakafuni siku ya kwanza. Hayo ni makosa yanayopiga kelele. Lakini waya wa athi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, ukiwa haukufungwa popote haudondoshi kitu. Maji yanapata moto, taa ya hita inawaka, fundi ameshalipwa na kuondoka, na kosa limekaa ukutani kimya hadi siku elementi, kile chuma kinachopasha maji, itakapopasuka ndani ya maji. Hilo ni kosa linalonyamaza. Mengine yote nitakayoyasema nayapima baada ya hili.

Kisha gharama yote kwa jumla, maana hela ya ufundi ni sehemu tu: vifaa, nauli, kigae kitakachopasuka, chombo kitakachoungua. Kisha muda. Kisha waranti, nani atajibu kikiharibika baada ya miezi mitatu. Na mwisho nyumba yenyewe: ni yako au ya kupanga, ipo tambarare ya Nyakato au juu ya majabali, maji yanatoka moja kwa moja bombani au yanashuka kutoka kwenye tanki.

Kujifungia mwenyewe

Makosa. Mwenye nyumba anayejifungia ana faida moja asiyokuwa nayo fundi yeyote: hana haraka. Anasoma kijitabu, anarudia, anarudi kesho kuangalia kama pamelowa. Makosa yanayopiga kelele atayakamata mwenyewe. Yanayonyamaza hatayakamata, kwa sababu hana kipimo cha kuyasikia. Testa ya bisibisi ya dukani inakwambia umeme upo. Haikwambii kama athi inafanya kazi.

Gharama. Kama nyumbani hakuna chochote, ununue testa, bisibisi mbili, spana ya kurekebisha, thred tepu, na uazime drili. Ukivinunua kwa kazi moja tu, umempita fundi kwa gharama. Ukivitunza, kuanzia kazi ya pili unaanza kula faida. Ila ogopa vigae. Drili ikiwekwa kwenye kupigapiga kama nyundo juu ya kigae cha bafuni, kigae kinaachia ufa kutoka tundu hadi kona, na kigae cha aina ile ukikitafuta mjini unaambiwa hakitoki tena. Tumia kichwa cha kutobolea vigae, zima kupigapiga mpaka upite kigae, ndipo uwashe ukifika kwenye tofali.

Muda. Ile nusu saa ya mume wangu ilikuwa Jumamosi nzima. Elbo ilikosekana moja. Ukikaa Buhongwa au Igoma unajua maana yake: daladala mpaka mjini, duka la kwanza hawana saizi, la pili wana ya plastiki, unarudi saa tisa.

Waranti. Kwa vyombo vya kuchomeka tu, kama friji, haina tatizo. Kwa hita na kiyoyozi, soma kadi. Mara nyingi bila muhuri wa fundi wanayemtambua, waranti imekwisha siku uliyotoboa ukuta.

Inamfaa nani. Mtu mwenye siku moja ya kupoteza, anayekaa nyumba yake mwenyewe au aliyekubaliana na mwenye nyumba, na kazi ambayo kosa lake litapiga kelele.

Fundi wa mtaa

Makosa. Hapa lazima niseme yaliyotukuta. Hita yetu ile iliyokufa ilikuwa imefungwa na kijana wa jirani kabla hatujahamia. Kwa miezi kadhaa bomba la shawa lilikuwa linatutekenya vidole. Tukauliza, tukajibiwa kama wengi wanavyojibiwa: "Dada, vaa kandambili ukioga, hiyo ni kawaida." Tukaoga na kandambili. Familia nzima, na mgeni akija tunampa za kwake. Mpaka fundi mwenye leseni alipopanda darini na tochi, akashuka ameshika ncha ya waya wa kijani na njano: ulikuwa umekatwa, umekunjwa na kuchomekwa nyuma ya mbao. Aliyeifunga hita hiyo alikuwa amemwambia mwenye nyumba kwamba ule waya hauna kazi, tena unaleta shoti.

Lakini nisimchafue kila fundi wa mtaa kwa mmoja. Wako waliosoma VETA na hawakupata duka wala kampuni, na wapo waliofundishwa na miaka. Fundi bomba wetu anajua mtaa huu kuliko anayesoma mita: anajua zamu ya maji ya mtaa wetu ni lini, presha inashuka saa ngapi, na nyumba ipi ilipitisha bomba chini ya ngazi. Bomba likipasuka usiku anakuja na tochi mdomoni. Huyo humpati dukani.

Gharama. Ndiye nafuu kwa ufundi, na panapovuja ni kwenye vifaa. "Dada nipe elfu thelathini nikachukue vifaa," anarudi na kifuko, bila risiti, na waya mwembamba kuliko mliokubaliana. Dawa yake si kugombana: mwambie akuandikie orodha, nenda ukanunue mwenyewe, na usome maandishi kwenye ganda la waya. Halafu elewaneni kabla: ufundi kiasi gani, nauli ndani au nje, saidia fundi analipwa na nani. Hela ya soda ni hiari yako.

Muda. Leo hii hii, au kesho asubuhi. Ikiwa ana kazi kubwa ya nyumba inayojengwa, hiyo kesho inaweza kufika wiki.

Waranti. Waranti yake ni uso wake. Mnaonana msikitini, kanisani, kwenye kibanda cha chipsi. Kwa kazi ndogo hiyo ni waranti nzuri kuliko karatasi. Kwa kazi kubwa haikurudishii hela ya friji.

Inamfaa nani. Anayekaa mtaa mmoja muda mrefu na mwenye fundi aliyemwona akifanya kazi, hasa upande wa maji, kutoboa na kubeba. Upande wa umeme, muulize leseni kama unavyomuuliza dereva. Wale wanaojitia mafundi wa shirika la umeme na kumbe ni vishoka wapo mpaka leo.

Fundi wa duka, au fundi mwenye leseni uliyemwita mwenyewe

Nimewaweka pamoja ingawa si kitu kimoja. Fundi wa duka anaujua ule mtambo; mwenye leseni anaujua mfumo wa nyumba. Leseni za ufungaji umeme hutolewa na EWURA na zina madaraja, kwa hiyo omba kuiona na uangalie kama haijaisha muda. TANESCO wao kazi yao inaishia kwenye mita; kuanzia meni swichi kuingia ndani ni mzigo wako.

Makosa. Mwenye leseni mzuri anakuja na vipimo, na hapo ndipo makosa yanayonyamaza yanaposemeshwa. Fundi wa duka mara nyingi anakuja na bisibisi na fomu. Tulipomwita wa duka tulikonunua, alifunga hita vizuri, sawasawa kama ilivyochorwa, akaiunganisha kwenye waya ule ule uliokuwepo. Nilipomuuliza kuhusu athi akasema, "Mama, sisi tunafunga kifaa. Waya ni wa nyumba." Alikuwa sahihi kwa mujibu wa fomu yake. Sisi tulibaki na hita mpya na kandambili zilezile.

Gharama. Juu zaidi, na mlimani kuna nyongeza ya kubeba. Wakati mwingine ufungaji ni "bure" ndani ya bei. Uliza bei ya chombo bila ufungaji, ndipo utajua bure hiyo ni shilingi ngapi.

Muda. Wanakuja wakikusanya wateja wa upande wenu. Tulisubiri siku tano tukichemsha maji kwa jiko.

Waranti. Hapa wanashinda wote, ilimradi una risiti ya EFD yenye tarehe na kadi imegongwa muhuri mbele yako. Usikubali "nitakupigia nikiwa ofisini".

Inamfaa nani. Chombo cha bei kubwa, kiyoyozi, hita, na mtu ambaye kazi haimruhusu kukaa nyumbani kumsimamia mtu.

Sasa chombo chenyewe

Hita ndiyo inayostahili maneno mengi, kwa sababu inakutanisha maji na umeme mahali ambapo mtu yuko uchi na miguu imelowa.

Anza na hesabu ya dakika moja. Boksi limeandikwa wati. Gawanya kwa 230, ambazo ndizo volti zetu. Hita ya wati 5,500 inavuta karibu ampia 24. Ya wati 3,500 kama ampia 15. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampia 13, yaani karibu wati 3,000 basi. Kwa hiyo hita hizo haziendi kwenye soketi hata ziwe na adabu kiasi gani. Unene wa waya huhesabiwa kwa milimita za mraba: wa taa ni 1.5, wa soketi ni 2.5, kwa ile ya 5,500 dai waya wa 4, na kama njia ni ndefu au imezikwa ndani ya ukuta, 6, moja kwa moja kutoka kwenye meni swichi, na breka yake peke yake isiyozidi uwezo wa waya. Nyumba nyingi za kupanga zina pointi ya hita iliyovutwa kwa waya wa soketi. Waya huo hautalalamika leo. Utakuwa unapata joto kidogo kidogo ndani ya bomba lake, kila asubuhi.

Na kwenye nyumba zinazochangia LUKU moja, jueni pia kwamba dakika kumi za hita hiyo zinakaribia uniti moja. Nimeona wapangaji wakinuniana kwa sababu ya nywele za mtu mmoja.

Halafu athi. Mwanza tunajisifia mawe, Jiwe la Bismarck lipo kwenye kila kadi ya posta, lakini jabali ni adui wa athi rodi, ile fimbo ya chuma inayozamishwa ardhini na kuunganishwa na waya wa athi. Rodi inatakiwa izame kwenye udongo mita moja na zaidi, udongo wenye unyevu. Huku kwetu Mabatini juu, kama ilivyo Bugando na sehemu za Isamilo, unachimba shubiri mbili unakutana na mwamba. Yule fundi aliponionyesha rodi yetu nilidhani ni kisiki cha muwa: aliyeiweka ilimgomea, akaikata kwa msumeno wa chuma, akaacha kipande kama futi moja, akafukia na mchanga wa kujengea.

Ubaya wake ni wa hesabu, si wa hadithi. Tuseme rodi mbovu kama hiyo ina ukinzani wa omu 100. Umeme ukivuja kwenye bodi ya hita, volti 230 kugawanya kwa 100 ni ampia 2.3. Breka ya ampia 32 haitasikia chochote. Kwake hizo ni kama balbu kadhaa zimewashwa. Bodi inabaki na umeme, breka inabaki juu, na wewe unaingia kuoga. Ndiyo maana kwa nyumba za mlimani naona RCD ni ya lazima kuliko hita yenyewe. Ni ile breka yenye kitufe cha kujaribia, inayokata umeme unaovuja ukifika miliampia 30. Bonyeza kitufe kila mwezi. Ila elewa: kitufe kinajaribu RCD, hakijaribu athi. Athi inapimwa kwa mashine yake, na fundi asiyekuwa nayo anakisia. Dawa ya mwamba ipo: kutafuta mfuko wa udongo wenye kina hata kama ni upande wa pili wa kiwanja, kuunganisha rodi zaidi ya moja, au kulaza ukanda wa shaba kwenye mtaro mrefu badala ya kusimamisha rodi. Hiyo si kazi ya Jumamosi ya baba watoto.

Upande wa maji wa hita hiyo hiyo, kinyume chake, ni kazi nzuri ya kujifanyia. Thred tepu uizungushe kufuata mkono wa kukaza, geti valvu yake iwe karibu, basi. Angalia tu presha: ndani ya hita kuna kiwambo kinachosukumwa na maji ndipo elementi iwake. Maji ya tanki yanapata presha ya kama ba 0.1 kwa kila mita moja ya kimo juu ya hita, kwa hiyo tanki lililo mita mbili juu yake linakupa ba 0.2, na kama boksi linataka zaidi, hita itatoa maji baridi na utamlaumu fundi bure. Na mara ya kwanza fungulia maji yatiririke kwanza, ndipo uwashe breka. Elementi ikiwaka kavu, hita mpya inarudi kwenye boksi siku hiyo hiyo.

Jiko la gesi linatisha watu zaidi ya hita, na mimi nadhani wamekosea mpangilio. Gesi inanyamaza, ni kweli, na ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni na kukaa kwenye kona. Lakini imewekewa harufu makusudi, na unaweza kuilazimisha iseme. Shemeji alipobadilisha mpira na regyuleta ya mtungi wetu wa kilo 15, alimaliza akafuta mikono akataka kuwasha. Nilimzuia nikaleta bakuli la povu zito la sabuni ya vyombo na brashi ya rangi. Tukafungua mtungi huku jiko limezimwa, tukapaka kila kiungo. Kwenye klipu ya upande wa jiko yakatoka mapovu madogo, moja moja, kama samaki anayepumua chini ya mashua. Nusu mzunguko wa bisibisi, yakakoma. Kosa lilidumu dakika mbili. Kwa hiyo mtungi, regyuleta na mpira ninakuachia mwenyewe, ukizingatia: regyuleta iwe ya valvu ya mtungi huo, mpira uwe wa gesi kweli na usiwe na nyufa unapoukunja, klipu pande zote mbili, na kiberiti kisiwe kipimo. Mabomba ya shaba yanayopita ukutani kutoka mitungi ya nje ni habari nyingine. Huko mwite anayejua.

Friji ni kazi ya mgongo kuliko akili. Kutoka mjini inakuja na kirikuu mpaka barabara inapoishia, halafu vijana wanne na kamba kwenye ngazi za mawe. Wasisitizie isilazwe. Ikilazwa, mafuta ya kompresa yanakimbilia kwenye mirija; isimamishe na uiache saa kadhaa kabla ya kuwasha. Iachie nafasi nyuma ipumue. Weka kilinda friji, kile cha kusubiri dakika chache umeme ukirudi, kwa sababu umeme wetu unapenda kurudi kwa pupa. Na kama plagi imekuja ya miguu miwili, usichokonoe soketi kwa kalamu ya biki ili iingie. Bodi ya chuma imekosa athi hapo, kwa sababu ya plagi ya bei ya soda, badilisha. Ukiuza sangara au dagaa wabichi na friza ndiyo duka lako, hesabu pia kwamba kila siku ya kusubiri fundi ni mzigo unaooza, na hilo linabadilisha kabisa swali la gharama. Ikiwa friji inahitaji kujazwa gesi, iache kwa fundi friji. Nyingi za sasa zina R600a, ambayo inawaka moto. Tafuta alama ya pembetatu yenye mwali nyuma yake na umwonyeshe kabla hajatoa kifaa chake cha kuchomelea.

Pangaboi inaonekana rahisi na inanyamaza kuliko unavyodhani. Waya ni tatu, mtu yeyote mwenye subira ataziunganisha baada ya kuzima meni swichi na kuhakikisha kwa testa. Swali ni imening'inia kwenye nini. Dari ya jipsamu haibebi pangaboi. Ndoano iingie kwenye zege au mbao nene iliyopigiliwa kwa kazi hiyo, na ile pini ndogo ya usalama kwenye fimbo ifungwe na kukunjwa. Mafundi wanaisahau. Msimu wa wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi, utapanda ngazi kufuta mapanga. Tumia nafasi hiyo kutikisa fimbo.

Mashine ya kufulia: ondoa boliti za usafirishaji zilizo nyuma, isawazishe, unganisha maji. Makosa yake yote yanapiga kelele. Kiyoyozi: usijaribu. Bila pampu ya kunyonya hewa kwenye mirija unafunga mtambo ambao utakufa polepole, na utakufa na waranti yako.

Kwa hali uliyonayo

Kama unapanga, mwite mwenye nyumba kabla ya fundi. Uliza mambo mawili tu: nani analipia waya na athi, na ukihama hita ni ya nani. Jibu liwe kwenye ujumbe wa simu. Vyombo vya kuchomeka na vya mtungi jifungie. Chochote kinachogusa ukuta wake, subiri ruhusa.

Kama nyumba ni yako na ipo tambarare, athi imewahi kupimwa na RCD ipo, unaweza kujifungia vingi kuliko unavyodhani, na fundi wa mtaa akakusaidia kutoboa. Okoa hela yako hapo.

Kama ni yako na ipo mlimani, lipia mwenye leseni mara moja kwa ajili ya athi na RCD, hata kabla hujanunua chombo. Ni gharama inayouma, lakini ukishaifanya inakufungulia njia ya kujifungia mengine kwa miaka.

Kama unakaa peke yako, au unalea na huna siku ya kupoteza, chukua ufungaji wa duka, ila siku ya kununua uliza kwa sauti: "Mnafunga na waya, au kifaa tu?" Wakisema kifaa tu, tafuta fundi umeme aje kabla yao.

Kama upo Ukerewe, ambako fundi wa mjini ni meli na pengine kulala, au visiwa vidogo zaidi, kumwita kwa hita moja haina mantiki. Kusanyeni majirani watatu, kila mmoja na kazi yake, mchange nauli na malazi. Sengerema mambo yamelegea tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025. Fundi anaweza kwenda na kurudi siku moja bila kuhesabu foleni ya kivuko, na usikubali kutozwa kama zamani.

Kama una fundi wa mtaa unayemwamini kwa maji lakini si kwa umeme, gawa kazi. Ndivyo tulivyomaliza kwetu, kwenye hita ya pili. Mume wangu alitoboa na kufunga maji, akapata Jumamosi yake. Mwenye leseni alikuja Jumatano, akalaza ukanda wa shaba kwenye mtaro nyuma ya choo ambako kuna udongo wa migomba, akapima, akafunga RCD, akaunganisha hita. Kisha akanipa kipimo nishike mwenyewe nisome namba.

Mama mkwe alikuwa wa kwanza kuoga. Alitoka bado amevaa kandambili, maana hakuna aliyekuwa amemwambia.